Siku Saba Juani na Wazamiaji



Siku binti yangu aliponipigia simu kutoka chuoni na kuniambia, "Mama, nataka kuzamia," nilitafuta kiti nikakaa. Sisi tuliokulia karibu na bandari tunaijua maana ya neno hilo. Kijana akizamia, maana yake amejificha ndani ya meli, anakwenda Afrika Kusini au Ulaya, na mama yake atapata habari zake baada ya miaka, kama atazipata. Nikamwuliza, "Unazamia wapi wewe?" Akacheka sana. "Baharini, mama. Chini. Na mtungi wa hewa mgongoni."

Sikupata nafuu yoyote kwa jibu hilo.

Anasoma mambo ya sayansi ya bahari, na alikuwa amejiunga na kikundi cha wanafunzi wanaojifunza kuzamia. Cheti cha kwanza alikuwa amekwisha kukipata, kumbe, kwa fedha nilizoambiwa ni za vitabu. (Jambo hilo tulilizungumza nyumbani kwa urefu, sitalirudia hapa.) Sasa walikuwa wanakwenda kisiwa cha Juani, Mafia, siku saba za mwezi Novemba 2024, pamoja na mwalimu wao, kuhesabu matumbawe na samaki. Baba yake alisema hapana. Mimi sikusema hapana wala ndiyo. Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini, nami nimewapokea watoto wa wenzangu walioletwa kutoka ufukweni Jumapili jioni wakiwa wamefunikwa kanga.

Mwalimu wao aliposikia kwamba mama wa mwanafunzi mmoja ni muuguzi, akatuma ujumbe: kikundi kinahitaji mtu wa huduma ya kwanza, je, ninaweza kuchukua likizo? Baba watoto akafikiri siku mbili, kisha akasema, "Nenda. Ukiona haifai, rudi naye."

Kutoka Mbagala tulipanda basi mpaka Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, na hapo kivuko kikatupitisha katikati ya mikoko ya Rufiji hadi bahari wazi na Kilindoni. Nilitapika mara mbili. Wanafunzi walinitazama kwa huruma, nadhani wakijiuliza kama huyu ndiye atakayewatibu. Kutoka Kilindoni ni barabara mpaka Utende, kisha mashua. Kwanza unakipita kisiwa kidogo cha Chole, ambako popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kutwa kama nguo zilizoanikwa, na nyuma yake ndiyo Juani, ndefu, ya kijani, imeikinga ghuba yote na mawimbi ya Bahari ya Hindi.

Juani ni mwamba mtupu wa matumbawe ya kale, udongo umeshika juu juu tu. Watu wanalima katika mifuko ya udongo kati ya mawe, wanavua, na akina mama wanasuka mikeka ya ukili vibarazani. Sikuona gari. Upande wa mashariki kuna fukwe ambako kasa hupanda kutaga mayai. Mgonjwa mahututi, au mama aliyeshikwa na uchungu ukamshinda, anavushwa kwa mashua hadi Utende, kisha barabarani hadi hospitali ya wilaya Kilindoni. Jambo hilo lilinikaa moyoni tangu siku ya kwanza, kwa sababu njia hiyo hiyo ndiyo ambayo binti yangu angepita kama lingemtokea neno.

Bahari ya huko imekwisha kuhesabiwa na vijana wengi kabla ya hawa wetu. Tangu mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na shirika moja la Uingereza katika mradi ulioitwa Frontier Tanzania, vijana wa kujitolea wakawa wanazamia Mafia na kuandika walichokiona: matumbawe, samaki, na pia uharibifu wa baruti na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa. Mwaka 1995 serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, na Juani imo ndani yake. Kisha mwaka 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa. Mwalimu alisema kama wale wa kwanza wasingehesabu, leo mtu asingeweza kusema kilichopotea ni kiasi gani. Maelezo hayo yalinifanya niiangalie kazi ya hawa watoto kwa jicho jingine, ingawa hofu yangu haikupungua hata kidogo.

Basi jioni ya kwanza niliketi nao nikauliza maswali yote niliyokuwa nayo, nami nawaandikia majibu, maana huenda na mtoto wako atakuja na hadithi hii.

Mtungi hauna oksijeni tupu kama wengi tunavyodhani. Una hewa hii hii tunayoivuta, iliyoshindiliwa. Chini ya maji kila mita kumi zinaongeza uzito mwingine sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita kumi mwili unabanwa mara mbili, kwenye mita ishirini mara tatu. Ukibanwa hivyo, naitrojeni iliyo katika hewa inaingia katika damu na minofu. Ukipanda polepole inatoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Ukikurupuka kupanda, inafanya mapovu, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Mapovu hayo yakikaa kwenye maungio ni maumivu makali, yakikaa kwenye uti wa mgongo ni kupooza. Mwaka 1908 mtaalamu John Scott Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kwanza ya kupanda kwa usalama, na waliyapata kwa kuwabana mbuzi kwenye chumba cha chuma na kutazama nani anainua mguu kwa maumivu. Niliwahurumia wale mbuzi, lakini nilishukuru.

Kanuni nyingine wanazikariri kama katekisimu. Usizuie pumzi kamwe, maana hewa inatanuka unapopanda na mapafu yanaweza kupasuka. Simama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka. Mwenye cheti cha mwanzo asipite mita 18. Usipande ndege siku hiyo, subiri mpaka kesho yake. Mja mzito asizamie kabisa. Mwenye kifafa, pumu au ugonjwa wa moyo aonane kwanza na daktari. Na hakuna anayekwenda peke yake: wanakwenda wawili wawili, kila mmoja akiwa na kipumulio cha ziada kwa ajili ya mwenzake. Hapo nilimkumbuka Mhubiri na yale aliyoyasema juu ya wawili, mmoja wao akianguka.

Kwenye mashua palikuwa na mtungi mwingine, huu ndio wa oksijeni tupu, kwa mzamiaji atakayeugua. Nilikagua vali, nikakagua barakoa, nikauliza una dakika ngapi ndani yake. Nahodha alinitazama akasema, "Mama, wewe tutakuajiri."

Tulifika wakati wa maji mafu. Mwalimu alichagua makusudi, kwa kuwa siku za bamvua maji yanaingia na kutoka kwa nguvu kwenye mlango wa ghuba, na mzamiaji mgeni anaweza kuchukuliwa. Siku mbili za kwanza nilikaa mashuani nikihesabu mapovu juu ya maji. Mapovu ya watu wawili, mapovu ya watu wawili. Mradi yanatoka, watoto wanapumua.

Siku ya tatu walipumzika, mwenyeji wetu mmoja akatupeleka Kua. Ni magofu ya mji wa kale uliostawi, una misikiti, makaburi na jumba la wakubwa, mibuyu na mizizi imekumbatia kuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kwa ngalawa kutoka Madagaska, wakaua, wakachukua watumwa, na mji ukahamwa. Lakini wenyeji wanasimulia pia jambo la zamani zaidi. Watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, walikuwa wameunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani na kulishusha jahazi majini juu ya miili yao. Miaka ikapita. Watu wa Kua nao wakawaalika wale wa Kisimani arusini, wakawaingiza katika chumba cha chini, na wakauziba mlango.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilisikia binti yangu anapiga chafya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikawasha tochi, nikafungua mkoba wangu, nikampa vidonge vya kukausha mafua kama nilivyompa tangu yuko darasa la kwanza.

Asubuhi pua ilikuwa imefunguka. Akajichukulia kidonge kingine mkobani mwangu, hakumwambia mtu, akashuka na wenzake hadi mita 14. Nusu saa na zaidi ikapita. Nikaona jozi moja imesimama mahali pamoja, mapovu hayasogei. Wengine walikwisha panda mashuani. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Hatimaye vichwa viwili vikatokea, na miwani ya binti yangu ilikuwa nyekundu ndani.

Tulipomvuta juu nilifanya nilichofundishwa. Nilimvua miwani, nikamkalisha, nikamwuliza jina lake na siku ya leo. Je, miguu ina ganzi? Kizunguzungu? Kifua kinauma? Unanisikia masikio yote mawili? Damu ilikuwa ya puani, na maumivu yalikuwa juu ya jicho na sikio la kushoto. Mapovu ya naitrojeni hayakuwemo, Mungu ni mwema. Dawa ilikuwa imemwishia nguvu akiwa chini, utando wa pua ukavimba tena, na hewa iliyofungiwa katika mifupa ya uso ikakosa pa kutokea alipoanza kupanda. Kila alipojaribu, maumivu yalimrudisha. Mwenzake, binti wa Kigoma aliyekulia ziwani, alimshika mkono, akamshusha kidogo, akamsubiri, akampandisha tena nusu mita, akamsubiri, mpaka juu. Hakumwacha.

Mwalimu alikuwa amepauka. Akauliza, "Nani alimpa dawa ya mafua? Hili lilikuwa somo la wiki ya kwanza."

Binti yangu aliinamisha kichwa asijibu. Nikasema, "Ni mimi."

Miaka yote hiyo ya wodini, na jioni ile ya maswali sikuuliza juu ya mafua. Niliuliza juu ya papa.

Alipigwa marufuku kuzamia kwa siku zilizobaki, na nilikubali bila kuteta. Usiku aliniambia, "Mama, usimwambie baba." Nilimwambia baba yake asubuhi yake kwa simu, yote, pamoja na habari za vidonge. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na huyo aliyemshika mkono ni mtoto wa nani?"

Siku ya sita bamvua lilikuwa linakaribia na maji yalikupwa sana. Akina mama wa kijiji wakashuka mwambani kutafuta pweza, kila mmoja na chuma chake chenye ncha, nami nikafuatana nao na binti yangu aliyekuwa hana kazi. Wanajua kila tundu. Wanaona jiwe limepangwa isivyo kawaida, wanasema yumo, na kweli yumo. Walimwuliza binti yangu juu ya ile suti ya mpira, wakaishika, wakakubaliana kwamba amejisitiri kuanzia shingoni hadi miguuni. Bibi mmoja, aliyekuwa akiniita mwanangu ingawa nina mvi, alisema amevua pweza kwenye mwamba ule tangu msichana na hajawahi kuuona kwa chini.

Binti yangu akamvalisha miwani. Tuliingia kwenye maji ya kiunoni, mimi nimemshika bibi mkono mmoja, yeye wa pili, na bibi akainama na kanga zake zikielea. Alikaa kimya muda mrefu hata nikaanza kuogopa. Akainua kichwa akasema, "Kumbe nyumbani kwake kuzuri namna hii!" Akainama tena. Foleni ikajipanga nyuma yake, na pweza wa siku hiyo, nadhani, walipona wengi.

Mwisho nilivaa mimi. Maji yalifika kifuani, sikwenda mbali. Niliona matumbawe ya kahawia na ya zambarau, mengine yamevunjika, na kati yake samaki wadogo wa buluu waliosimama wote wakitazama upande mmoja. Nilizuia pumzi, na binti yangu akanigonga begani. "Pumua, mama."

Tumerudi salama. Sikio lake lilipimwa Dar es Salaam na limepona. Juzi ameleta fomu ya safari nyingine ya kikundi, ina ukurasa mzima wa maswali ya afya. Baba yake aliisoma, akaisukuma upande wangu wa meza bila kusema neno. Binti ni mtu mzima na sahihi ni yake, lakini aliniomba tuijaze pamoja. Tulipofika kwenye mstari wa dawa anazotumia akaandika "hakuna", akanipa fomu niitazame. Nikamwambia alete na ule mkoba wangu, tuukague kwanza.