Kuteremka Kyela: Malori, Majeraha na Haki ya Mjane

Anayetaka kuiona Kyela hana budi kuteremka. Ukiiacha njia panda ya Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, barabara hupanda kwanza hadi kwenye baridi ya Isongole, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako akina mama huuza viazi na kabichi wakiwa wamejitanda vitenge viwili. Halafu huanza kushuka. Utapita Kiwira, utapita Tukuyu, chai na migomba pande zote, kona baada ya kona, hadi masikio yazibe na koti livuliwe. Ukifika ziwani uko kwenye meta 475 hivi. Katika safari ya asubuhi moja umeshuka zaidi ya meta 1,500.

Sisi ni akina mama wanne wa kamati ya afya ya kanisa letu, na wawili kati yetu ni wauguzi. Kila mwaka tunateremka njia hiyo kuzitembelea sharika za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hatuchoki kuitazama nchi hii. Mpunga umetandazwa kwenye turubai, kakao inaanikwa mbele ya nyumba, na miembe ni mikubwa kama makanisa. Ukishika njia ya Kikusya na Ipinda hadi Matema, utaiona Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji. Hapo karibu, katika soko la Lyulilo, vyungu vya akina mama wa Ikombe hufika kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa kwa ustadi, wala hakivunjiki hata kimoja. Mgeni hupewa wali na samaki aina ya mbasa kabla hajaulizwa alichojia. Ndaga fijo, wenyeji wetu!

Lakini safari hii tumeona tuandike juu ya barabara yenyewe, kwa sababu kila tulipoketi na akina mama, mazungumzo yalirudi huko.

Mafuta yanayopita mlangoni

Kyela haichimbi mafuta. Leseni za kuyatafuta katika bonde la ziwa zimewahi kutolewa, upande wetu na upande wa Malawi, lakini mafuta ambayo wanakijiji wanayajua ni yale yanayopita mlangoni kwao. Zambia ina bomba lake la TAZAMA, la kilometa 1,710, linalotoka Dar es Salaam tangu mwaka 1968. Malawi haina bahari wala bomba kama hilo. Sehemu ya petroli na dizeli yake hupita kwa malori ya tangi kwenye mteremko huu, hadi mpakani Kasumulu, kisha huvuka daraja la Mto Songwe kuelekea Karonga. Ongeza malori ya saruji, ya mbolea, na ya makaa ya mawe kutoka vilima vya Kiwira. Barabara hiyo hiyo ndiyo ya watoto wa shule, ya baiskeli zenye mikungu ya ndizi na ya vijana wa bodaboda.

Dereva mzoefu hushuka kwa gia nzito na kuacha injini ishike gari. Mwenye haraka hukanyaga breki mfululizo. Breki hupata moto, hulegea, na lori la tani thelathini halisikii tena. Ikinyesha mvua ya masika, ambayo Kyela huijua kuliko wilaya nyingi, lami huteleza na ukungu wa Rungwe hufunika kona.

Tusisahau Idweli

Mwaka 2002, katika kijiji cha Idweli, Rungwe, kando ya barabara hii hii, lori la mafuta lilianguka. Watu walikwenda na ndoo na madumu. Moto ukawaka, na makumi ya watu wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 yakatokea yale yale Msamvu, Morogoro, na waliokufa walizidi 100. Sange, mashariki mwa Kongo, mwaka 2010, walizidi 200.

Wako wanaosema waliokufa walikuwa wezi. Sisi tuliowahi kuuguza watu walioungua hatuna ulimi wa kusema hivyo. Dumu moja la petroli ni ada ya mtoto, na mtu aliyezoea kukosa haoni hatari haraka anapoona neema imemwagika shimoni. Kwa hiyo, akina mama, tufundishe nyumbani kabla ya siku yenyewe:

Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa mitaroni. Cheche ya pikipiki, sigara, jiko la mkaa lililo mbali, vyote vyaweza kuuwasha. Lori la mafuta likianguka, ondoa watoto, kimbia upande upepo unakotoka, na mtu asiwashe chombo chochote.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi kikavu. Usimpake dawa ya meno, mayai, asali wala mafuta ya mawese. Aliyemeza petroli akiivuta kwa mpira mdomoni asitapishwe, maana ikiingia mapafuni huleta homa kali ya mapafu. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwe mikono na miguu, ila kama moto unamfuata. Abebwe na watu kadhaa juu ya ubao au mlango, shingo ikiwa imenyooka. Jeraha linalotoa damu nyingi likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa, bila kuachia.

Karatasi iliyotiwa dole gumba

Katika kijiji kimoja tulikutana na mama mjane. Mumewe alikuwa akirudi shambani kwa baiskeli, lori likamwacha pale pale. Siku ya tatu ya msiba walikuja watu wawili wenye heshima zao, wakatoa rambirambi ya shilingi laki tatu, wakamwomba atie dole gumba kwenye karatasi. Hakuna aliyemsomea. Ilisema kwamba ameridhika na hadai tena. Ana watoto watano. Alituuliza swali moja tu: “Mwanangu, hivi hiyo ndiyo bei yake?”

Hapana, mama. Na wasomaji wetu wote wajue yafuatayo.

Sheria ya Bima ya Magari inamlazimu kila mwenye gari barabarani kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani yule aliyegongwa, akiumia au akifa. Rambirambi ni ubinadamu, nayo ipokelewe kwa shukrani, lakini si fidia. Mtu asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ya kuridhika kabla haijasomwa na mtu anayeielewa.

Siku hiyo hiyo, kijana mmoja mwenye akili timamu aandike namba ya lori na ya tela lake, jina la kampuni lililo mlangoni, na majina ya mashahidi. Namba ya gari inatosha kuuliza kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kama gari lina bima na ni ya kampuni ipi. Lori la Malawi huwa na Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo hulinda aliyeumizwa katika nchi lori lilikopita, na hapa kwetu madai yake hupitia Shirika la Bima la Taifa, NIC.

Polisi hutoa PF3 kwa ajili ya matibabu. Tunza nakala, pamoja na kila stakabadhi ya dawa, ya kitanda na ya nauli. Baadaye utahitaji taarifa ya polisi ya ajali, ukaguzi wa gari, hukumu ya kesi ya trafiki kama ipo, na taarifa ya daktari juu ya ulemavu uliobaki. Aliyefiwa apate cheti cha kifo, kisha aende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Wajane wengi hukwama hapo, kwa sababu shemeji amechukua nafasi hiyo kimyakimya.

Dai la madhara kama haya lina ukomo wa miaka mitatu mahakamani. Kampuni ya bima ikizungusha, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, nao hutoa msaada bila malipo. Hakuna sababu ya kumpa dalali nusu ya haki yako.

Na dereva na utingo? Nao ni watoto wa mtu. Wakiumia kazini, hata kama kosa ni lao la kibinadamu, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Hugharimia matibabu na kuwalipa wategemezi. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Mke wa dereva ahakikishe mapema kwamba mwajiri amemsajili mumewe.

Njia ya Yeriko

Ile barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko nayo ilikuwa ya mteremko, kama hii yetu. Tunamsifu Msamaria kwa kufunga majeraha, na ni vema. Lakini tusome hadi mwisho: alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Alijua kwamba jeraha lina gharama baada ya damu kukauka, na kwamba lazima awepo wa kuibeba.

Tunapendekeza kila kikundi cha akina mama kilicho kando ya barabara hii kiwe na vitu vinne: ubao wa kubebea, vitambaa safi, daftari na kalamu, na namba ya simu ya msaidizi wa kisheria wa wilaya. Mfiwa akipata ugeni wa watu wenye karatasi, aketi naye mama mmoja anayejua kusoma, tangu wanapoingia hadi wanapotoka.

Kuhusu yule mjane, tulimtafutia msaidizi wa kisheria Kyela mjini. Miaka mitatu haijapita, na karatasi iliyotiwa dole gumba bila kusomwa inaweza kupingwa. Mwombeeni, na wale wa jirani mmsindikize siku ya kwenda mahakamani.