Sikukuu Chini ya Mlima Unaopumua

Wahenga walinena: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukweli wa methali hiyo niliushuhudia tarehe 15 Agosti 2023, katika kisiwa cha Vulcano, nchini Italia. Siku hiyo ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambayo Waitalia huiita Ferragosto, na familia nyingi hufungasha vyakula na kwenda baharini. Nasi tulikwenda: mama mzazi, mke wangu, watoto wetu wawili, mimi, na dada yangu aliyeolewa Sisilia, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu.

Ndugu msomaji, kisiwa hiki ni kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 21 hivi. Lakini jina lake limeenea duniani kote. Warumi wa kale waliamini kuwa hapo ndipo palipokuwa na karakana ya Vulcan, mungu wao wa moto, na kutokana na jina hilo tukapata neno volkano. Kasoko yake kubwa ina kimo cha meta 391, nayo ililipuka kwa mara ya mwisho kati ya mwaka 1888 na 1890. Hata hivyo haijazimika. Hutoa moshi mchana na usiku, na harufu yake ni kama ya mayai viza.

Harufu hiyo ndiyo iliyomsimamisha mama mara tuliposhuka botini. Sisi ni wenyeji wa Goma, chini ya mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulipasuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila makao. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Mama alimbeba dada mgongoni, akanishika mkono, tukavuka mpaka hadi Gisenyi. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe jeusi.

Dada akamwambia, "Mama, ukipenda turudi sote."

Mama akawatazama wajukuu, ambao walikwisha vua viatu. Akajibu, "Hapana, wanangu. Hawa hawana kosa. Twendeni, lakini mahali pa kukaa nitachagua mimi."

Tulipokaribia ufuo wa mchanga mweusi, mke wangu alipendezwa na kibonde chenye kivuli, kilichokingwa na upepo. Watoto wakakikimbilia. Mama akapaza sauti, "Tokeni humo! Hapo panaweza kuwa na mazuku!"

Mazuku ni jina walilotuachia wazee wetu, na siku hizi hata wataalamu wa volkano wa nchi za mbali hulitumia. Ni kaboni dayoksaidi itokayo ardhini, hewa iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kiasi cha mara moja na nusu. Haina rangi wala harufu. Hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Mtu mzima akisimama, huenda kichwa chake kikawa juu ya hewa hiyo. Mtoto na mbuzi humezwa. Basi harufu ya mayai viza humwonya mtu, lakini muuaji huyu habishi hodi.

Mama hakutishika bure. Karibu na bandari tuliona bahari ikitoa mapovu ya hewa iyo hiyo, na vibao vya onyo vimesimamishwa. Mwaka 2021 hewa hiyo iliongezeka, na mwezi wa Novemba wakazi wa eneo la bandari waliamriwa wasilale majumbani mwao.

Tukaketi juu penye upepo, tukala mikate, nyanya na tikiti maji. Binti yangu wa miaka 9 akauliza, "Bibi, kwa nini watu wanakaa mahali pa hatari hivi?"

Mama akachota mchanga mweusi, akauchungulia. "Sisi tulirudi kwa nini, mjukuu wangu? Ardhi ya mlima wa moto huzaa maharage mazuri, na kwenu ni kwenu." Kisha akasimulia habari za mwaka 2002, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka 21 hakuwahi kuzitamka mbele yetu. Watoto walisikiliza bila kuogopa, kisha wakaenda kuogelea.

Wazazi wenzangu, tunapowaficha watoto hatari za mahali tunapoishi, tukidhani twalinda usingizi wao, twawaacha bila ngao. Tuwaeleze kwa maneno mepesi: wasicheze wala kulala mashimoni penye ardhi ya volkano, wakimbilie mahali pa juu, na mwenzao akianguka humo waite wakubwa, wasimfuate. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na kwa mazuku, ulimwengu haurudii somo.