Betri ya nne

Isongole, wilayani Ileje, ni mahali ambapo simu inaweza kukudanganya saa bila kukusudia. Ng'ambo ya mpaka ni Malawi, upande wa Chitipa, na Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Simu ikinasa mtandao wa upande wa pili, saa yake hurudi nyuma yenyewe. Uliyeitegea ikuamshe saa 11:30 alfajiri, itakuamsha saa 12:30 asubuhi, watoto wa jirani wakiwa tayari wako njiani kwenda shule.

Mwandishi mmoja wa programu za kompyuta anayeishi hapo alichelewesha mtoto wake wa kwanza shuleni mara mbili kwa namna hiyo. Kazi yake anaifanya kwa ajili ya wateja walioko Dar es Salaam, na kwa mtu wa fani yake jambo hilo lilikuwa kama fumbo tamu. Alimweleza mkewe kwa furaha kwamba kompyuta hutunza muda mmoja wa dunia nzima, kisha kila kifaa hujiongezea au kujipunguzia saa kulingana na mahali kilipo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alinunua saa ya ukutani, akaitundika jikoni, na tangu siku hiyo mtoto hajachelewa.

Ndivyo walivyo wawili hawa. Mume anapenda vifaa. Meza yake ya sebuleni ina kompyuta mpakato, ruta, pawabenki tatu, nyaya zisizojulikana ni za nini, bisibisi ndogo za kila umbo na rimoti zilizofunguliwa matumbo. Umeme ukikatika, yeye hukimbilia inveta na betri ya sola. Mke ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya miguu, haiulizi umeme umekwenda wapi. Usiku wa mvua, taa zikizimika, mume husikia sauti ya cherehani ikiendelea chumba cha pili na hujisemea kwamba katika nyumba hiyo mtambo unaoaminika kuliko yote haujawahi kuwa wake.

Shukrani ya namna hiyo alikuwa nayo moyoni siku nyingi, lakini aliibeba kama watu wengi wanavyobeba shukrani kwa wenza wao, bila kuitamka. Kilichomfanya aitamke ni kibetri kidogo kilicho bapa kama sarafu.

Alikuwa amenunua betri nne za aina hiyo, moja kwa ajili ya mizani ya jikoni na nyingine za akiba. Alizitoa kwenye pakiti, akazipanga mezani, mteja akapiga simu. Alitoka nje kutafuta mtandao mzuri, akazungumza karibu nusu saa. Aliporudi aliweka betri moja kwenye mizani, mbili akazitia kwenye droo, akaendelea na kazi.

Jioni mtoto wao wa pili, mwenye mwaka mmoja na miezi tisa, alikataa uji. Mate yalimtoka kuliko kawaida, akawa analia kila anapomeza. Mume alisema ni meno. Mke alimtazama mtoto, akatazama meza.

"Baba, zile betri zilikuwa ngapi?"

"Tatu, nafikiri."

"Zilikuwa nne. Nilifuta meza mchana, nikaziona."

Mtu anayeshona mashati huhesabu vifungo bila kujua kama anahesabu. Mume, ambaye kutwa nzima anafanya kazi na namba, hakuwa na hakika. Alifungua droo, akaangalia chini ya meza, akainua mkeka. Kisha, kwa hofu, akataka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Mke alimshika mkono. Alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga.

"Soma tunavyotakiwa kufanya, lakini soma tukiwa tunakwenda."

Hapo simu ilifanya kazi nzuri, na ni haki kulisema hilo. Mume alisoma kwa sauti akiwa mlangoni, na aliyoyasoma kila mzazi anapaswa kuyajua.

Betri hizi bapa haziui kwa sababu ya sumu iliyomo ndani, kama wengi wanavyodhani. Zikikwama kwenye njia ya chakula, unyevunyevu wa mwili hukamilisha mkondo wa umeme, na upande hasi wa betri hutengeneza kemikali kali inayounguza nyama kama magadi makali. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Betri iliyokwisha nguvu kwenye rimoti bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Zile pana, zenye upana wa milimita 20 au zaidi, ndizo za kuogopwa zaidi kwa sababu hukwama kwa urahisi kwenye koo dogo.

Dalili zake ndizo zinazopoteza muda: mate mengi, kukataa chakula, kikohozi, kutapika, homa, kulia wakati wa kumeza. Zote zinafanana na meno, mafua au tumbo. Watoto wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Ndiyo maana mzazi anayeshuku hangoji kuona. Hamtapishi mtoto, hampi dawa ya kuharisha, anakwenda hospitali yenye eksirei, na akifika anasema wazi: "Nadhani amemeza betri." Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ikiwa hazijapita saa 12, wataalamu wa sumu hushauri apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, wakati safari inaendelea. Asali hupaka ile sehemu na kupunguza kuungua. Haiitoi betri, na si sababu ya kubaki nyumbani. Mtoto asiyefikisha mwaka haruhusiwi asali kabisa.

Mke aliitia chupa ya asali kwenye kikapu, bodaboda ikaitwa. Njiani mume alihesabu dakika na mke akamlambisha mtoto. Ni mara ya kwanza, alisema baadaye, wote wawili walitumia saa moja ileile.

Eksirei ilipigwa kuanzia mdomoni mpaka tumboni. Hakukuwa na betri. Daktari alimwangazia mtoto kooni, akakuta mafindofindo yamevimba, akaandika dawa. Mume aliona aibu kidogo kwa jinsi walivyoingia mbio, akaanza kuomba radhi. Daktari akamkatiza, akamwambia kwamba kwa betri yeye angependa wazazi kumi warudi nyumbani hivyo kuliko mmoja achelewe.

Betri ya nne ilionekana siku mbili baadaye. Mke alifungua kopo la vifungo akitafuta cheupe cha shati la shule, akaikuta humo katikati ya vingine. Mtoto aliiona mezani, akaona ni kifungo cha mama, akakirudisha kwao. Mume alicheka mpaka akakaa chini. Mke hakucheka. Alimuuliza tu ingekuwaje kama siku hiyo mtoto asingekumbuka kopo.

Swali hilo lilimkaa. Usiku ule alisoma habari za Marekani, ambako mtoto wa miezi 18 aitwaye Reese Hamsmith, wa jimbo la Texas, alifariki dunia Desemba 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Mama yake hakunyamaza, na Agosti 2022 ilisainiwa sheria inayobeba jina la mtoto huyo. Inataka mahali pa betri hizi kwenye vifaa pafungwe kwa namna ambayo mtoto mdogo hawezi kupafungua, kwa mfano kwa skrubu. Baada ya hapo mume alizunguka nyumba yake na bisibisi mkononi. Mizani ya jikoni ilifunguka kwa ukucha. Taa ndogo ya kubana kitabuni vilevile. Kadi ya salamu inayoimba, iliyoletwa na shangazi, ilikuwa na betri tatu nyuma ya karatasi.

Alivifunga vyote kwa gundi ya mkanda. Betri za akiba zilikwenda kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, juu ya kabati, na zilizokwisha nguvu hufungwa kwa mkanda pande zote mbili kabla ya kutupwa. Kisha, kwa kuwa hawezi kujizuia, akaanza kuandika programu ya kuhesabu betri za nyumbani. Alimwonyesha mkewe: ukitoa moja unabonyeza hapa, ukirudisha unabonyeza pale.

"Na asiyebonyeza?" mke aliuliza.

Hakuwa na jibu. Kila programu aliyowahi kuandika ilitegemea kwamba kuna mtu, mahali fulani, anayeangalia. Katika nyumba yake mtu huyo alikuwa mmoja, naye alikuwa anaangalia huku anashona, anapika na kulea. Alimwambia hivyo, kwa maneno mafupi na ya kigugumizi, na akaongeza ahsante. Mke akasema amesikia, ila ahsante peke yake haifuti meza.

Sasa kila jioni kabla ya chakula, mume ndiye anayefuta ile meza. Huhesabu skrubu, betri na vipande vya waya, huviweka juu, na hutamka idadi kwa sauti ili mtu wa pili aisikie. Mtoto wa kwanza naye amejifunza kuhesabu kwa njia hiyo. Juzi alimsahihisha baba yake: bisibisi zilikuwa sita, si tano, na ya sita ilikuwa chini ya kiti.