Mwaridi wa Bibi

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mnaosomewa haya mezani, mwaridi wetu nusura niuue kwa kuulisha.

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Leicester kutoka Zanzibar, kitu cha kwanza alichokipenda katika nyumba hii kilikuwa mwaridi mwekundu ulio nyuma, kando ya uzio. Harufu yake ilimkumbusha mrashi wa kwao, ule wa kuwanyunyizia watu marashi ya mawaridi kwenye maulidi. Basi nikataka umpe maua tele. Nikanunua mbolea ya maji, nikawa naumwagia kila wiki, mpaka Oktoba.

Msinifuate. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani mengi na machipukizi laini, na vidukari hupenda sana machipukizi laini. Tena ukiulisha mti hadi vuli, unachipua wakati unaotakiwa kupumzika. Baridi kali ilipopiga, machipukizi yote yalikuwa meusi. Mwaka uliofuata majani yakaota madoa meusi, yakageuka njano, yakapukutika. Bibi hakunilaumu. Alikaa dirishani akiutazama tu, na hilo liliniuma zaidi.

Mwishoni mwa Februari akavaa koti langu, akatoka na mkasi, akamwita binti yangu wa miaka tisa. Nanyi mnajua watoto wetu: Bibi anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza. Wakakata matawi yaliyokufa. Bibi akamwonyesha jicho, pale tawi linapochipukia, kwamba mkasi upite juu yake kidogo, jicho likiangalia nje.

"Bibi, hii macho yake iko wapi?"

"Jicho lake liko wapi," Bibi akamrekebisha, na kazi ikaendelea.

Sasa tunaulisha mara mbili tu: mwisho wa Machi, na tena maua ya kwanza yakishakwisha, Juni au Julai. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti, na udongo uwe na maji kwanza. Baada ya Agosti hatutii mbolea kabisa. Chini tunatandaza samadi ya farasi iliyokwisha kuoza, bila kugusa shina. Mbichi huunguza mizizi. Maji tunamwaga asubuhi, chini kwenye mizizi, kwa sababu ule ugonjwa wa madoa ni kuvu, na kuvu hupenda majani yaliyolowa. Majani yaliyoanguka tunayaokota yote na kuyatia kwenye pipa la taka, maana kuvu hulala humo kusubiri mwaka mwingine. Hii ndiyo kazi inayochosha, na ndiyo inayosaidia zaidi.

Vidukari Bibi huwaponda kwa vidole. Binti yangu alipiga kelele siku ya kwanza. Sasa anawahesabu, kwa Kiswahili, na hakuna aliyemwambia. Wale wadudu wekundu wenye madoa mgongoni tunawaacha, wao hula vidukari.

Madoa hayajaisha, majani ya chini bado yanayo. Lakini Juni tulipata mawaridi kumi na moja. Nilipowaita waje waone "waridi letu lilivyopona," binti yangu akanisahihisha: waridi ni ua, mti ni mwaridi.

Nina mifuko miwili ya samadi imebaki. Anayeitaka anione Jumamosi mlangoni, baada ya darasa.