Mtoto Akataaye Chakula

Wazazi wengi hulalamika juu ya mtoto akataaye chakula, nami nalikuwa mmoja wao. Binti yetu alipotimiza miaka mitatu alikataa mboga zote za majani. Ugali aliula kwa maziwa tu. Kisamvu na mchicha hakutaka hata kuviona. Mimi ni mwalimu, nimezoea kutiiwa. Nikanena moyoni, "Samaki mkunje angali mbichi," nikaweka sheria kwamba haondoki mkekani mpaka amalize sahani yake.

Sheria hiyo ilituletea machozi kila jioni. Mtoto akajifunza kuficha tonge shavuni, kisha kwenda kulitema nyuma ya nyumba. Hata siku moja nalimshika kichwa, nikamtia kisamvu kinywani hali akilia. Akapaliwa. Sauti ikakatika, macho yakamtoka. Mama yake akamnyakua, akamwinamisha, akampiga mgongoni mpaka chakula kikatoka. Usiku ule hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu hapo mtoto kila aonapo nashika sahani hukimbilia nyuma ya mama yake. Jambo hilo lilinichoma kuliko lawama.

Ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Nikaona kwamba mtoto huzidisha uzito wake kama mara tatu katika mwaka wa kwanza, bali baadaye hukua polepole, na hamu yake ya kula hupungua. Tena watoto wengi wa miaka miwili hata sita huogopa chakula wasichokizoea, si ukaidi. Mwaka 1939 tabibu Clara Davis wa Chicago alieleza jinsi alivyowaacha watoto 15 wajichagulie chakula, nao wakastawi. Lakini angalieni: vyakula vyote alivyowawekea vilikuwa vya kujenga mwili, wala sukari haikuwamo. Mkubwa alichagua chakula, mtoto akachagua kiasi.

Basi nasi tukaigawa kazi hivyo. Kwanza tuliacha kumpa chai ya sukari na maandazi alasiri, kwani kumbe ndivyo vilivyomshibisha kabla ya jioni. Tukala pamoja kwa saa zile zile. Tukamwekea mboga kidogo, kiasi cha ncha ya kidole, kando ya ugali wake, wala hatukumsihi. Alipoiacha tuliiondoa bila neno, tukamwekea tena siku nyingine. Mtoto aweza kuhitaji kuletewa chakula kipya mara kumi au zaidi kabla hajakizoea. Wetu alizipita kumi. Hata jioni moja akachovya tonge mwenyewe katika kisamvu cha nazi, akala. Mimi nikatazama kando, nisije nikaharibu.

Wazazi wenzangu, mtoto apunguaye uzito, avimbaye miguu, abadilikaye rangi ya nywele, au apaliwaye kila alapo, msidhani ni mteuzi tu. Huyo apelekwe hospitali bila kukawia. Wengine wahitaji subira yetu. Methali ile ni ya kweli, lakini haikusema samaki akunjwe kwa ngumi. Siku hizi binti yangu hukaa karibu nami wakati wa chakula, na kwangu hilo ni kubwa kuliko kisamvu.