Gemu za Kijapani zinapohamia kompyuta: maoni kutoka Highrise

Kuna swali ambalo majirani wa hapa Nyayo Highrise wameniuliza mara nyingi, hasa vijana wanaonikuta na laptopu kwenye ngazi stima inapopotea: kwa nini jamaa aliyesomea kompyuta, ambaye angecheza mpira kwenye PS kama watu wote, anakesha akisoma mazungumzo ya vikatuni vya Kijapani? Leo nitajibu kwa urefu. Kama hupendi gemu, vumilia kidogo, maana ndani yake kuna habari za programu na habari za pesa pia.

Sisi wengine tulikulia kwenye vibanda vya PS2. Unajua vile: mabati, runinga yenye mgongo mkubwa, pedi zilizofungwa kwa mpira wa tyubu, na jamaa mlangoni anayekusanya shilingi 10 kwa mechi. Diski zote zilikuwa za kunakiliwa. Katikati ya diski za mpira na za magari kulikuwa na moja au mbili za hadithi ndefu za Kijapani, na hakuna aliyezigusa. Watu husema Mkenya hapendi gemu za kusoma. Mimi sikubaliani. Hadithi ya saa 50 haichezeki kwa shilingi 10 za dakika chache, huku foleni ya watoto ikikupigia kelele mgongoni na kadi ya kuhifadhia mchezo ikifutwa kila jioni. Biashara ya kibanda ilijengwa juu ya mechi fupi, basi ladha yetu nayo ikakua fupi.

Konsoli ya kwako mwenyewe ilikuwa ndoto, na bado ni ghali. PS mpya inakula kodi yangu ya nyumba ya zaidi ya miezi miwili. Lakini laptopu iliyotumika ofisini Ulaya, ikaletwa hapa na kuuzwa Luthuli, hiyo watu wengi wanaifikia, kwa sababu ni ya masomo na ya kazi. Ina chipu ya grafiki ya Intel, si kitu cha kujivunia. Gemu kubwa za Marekani zinaifanya ipige kelele kama posho mili. Gemu ya kampuni ndogo ya Kijapani, iliyotengenezewa PSP au PS2 na kisha kuhamishiwa kompyuta, inakimbia bila shida. Ndiyo maana habari ya wachapishaji hawa wadogo inatuhusu sisi wa huku zaidi ya wanavyofikiri wao wenyewe.

Wengi wanadhani Wajapani waligundua kompyuta juzi. Nihon Falcom ilianzishwa mwaka 1981 kama duka la kuuza kompyuta za Apple huko Tachikawa, Tokyo, na gemu zake za mwanzo zote zilikuwa za kompyuta. Ys ya kwanza ilitoka mwaka 1987 kwenye PC-8801. Hata Trails in the Sky, gemu ninayoipenda kuliko zote, ilizaliwa kwenye Windows huko Japani mwaka 2004. Ikahamishiwa PSP, ikatafsiriwa kwa Kiingereza na XSEED mwaka 2011, na ndipo mwaka 2014 ikarudi kwenye Windows, sasa ikiwa kwa Kiingereza. Miaka kumi ya kuzunguka ili kurudi nyumbani! Yaani ni kama mizigo ya kwenda Kisumu kupitia Mombasa.

Mlango wenyewe, kwa maoni yangu, ulifunguliwa na kigemu kinachoitwa Recettear. Kilitengenezwa na kikundi kidogo kinachoitwa EasyGameStation, kikauzwa Japani mwaka 2007, kisha watafsiri wachache waliojiita Carpe Fulgur wakakileta kwenye Steam Septemba 2010. Ndani ya miezi michache nakala zaidi ya 100,000 zilikuwa zimeuzwa. Wachapishaji waliokuwa wakisema wenye kompyuta hawanunui gemu za Kijapani wakaanza kukuna vichwa.

Na hadithi yake sasa! Binti anaitwa Recette. Baba yake amekopa pesa, ametoweka, na kampuni ya mikopo inakuja kudai. Inambidi binti ageuze nyumba kuwa duka na kulipa kila wiki: 10,000, halafu 30,000, halafu 80,000, halafu 200,000, na wiki ya mwisho 500,000. Jumlisha, ni 820,000. Mteja anaingia, unataja bei, anakunja uso, unashusha, anakubali au anaondoka. Mimi nimelelewa na shangazi anayeuza nguo Kenyatta Market, hapo ng'ambo ya barabara ya Mbagathi. Nilipomwonyesha alitazama kwa dakika kumi bila kusema neno, kisha akaniambia, "Huyo mtoto anataja bei ya chini mno kwa mteja wa kwanza." Alikuwa amesahau kwamba anayetaja bei ni mimi.

Tuingie sasa kwenye mambo ya kiufundi, sehemu iliyonibadilisha.

Mapema mwaka 2012 watu zaidi ya 90,000 walitia saini ombi la kutaka Dark Souls ije kwenye kompyuta. Ikaja Agosti mwaka uleule, na ilikuja vilevile ilivyokuwa kwenye konsoli. Hata uwe na kioo kikubwa namna gani, picha ilichorwa kwa nukta 1024 kwa 720 halafu ikavutwa, kama picha ya pasipoti iliyogeuzwa kalenda. Siku ileile Peter Thoman, mtafiti wa sayansi ya kompyuta huko Austria anayejulikana kama Durante, akatoa kiraka chake, DSfix. Hakuwa na msimbo wa gemu. Alichofanya ni kuandika faili yenye jina lilelile la DINPUT8.dll ambalo Windows hutumia kwa pedi na kibodi. Gemu inapoanza inaita faili hiyo, inampata Durante amekaa mlangoni, na yeye anapokea maagizo yote ya kuchora kabla hayajafika kwenye kadi ya grafiki. Agizo likisema "chora kwa 1024", analibadilisha na kulipitisha. Gemu haijui kitu.

Msimbo wa DSfix aliuweka wazi. Nilipoupata nikiwa chuoni nilikaa nao wikendi mbili, na niseme kweli, mambo ya namna programu inavyopakiwa kwenye kumbukumbu niliyaelewa hapo kuliko kwenye muhula mzima wa mihadhara. XSEED nao walikuwa na macho. Trails of Cold Steel ilipoletwa kwenye kompyuta Agosti 2017, walimpa Durante kazi ya kuihamisha. Aliiwekea kitufe cha kuharakisha mchezo ambacho hakikuwepo kwenye PS3. Sisi tunaorudi nyumbani saa mbili usiku tunamwombea dua. Baadaye alianzisha kampuni, PH3, na kuhamisha gemu ikawa kazi yake.

Mfano mwingine ninaowapa vijana wanaojifunza programu ni Dark Souls II ya mwaka 2014. Kwenye konsoli za PS3 na Xbox 360 gemu ilikusudiwa kuchora fremu 30 kwa sekunde. Kwenye kompyuta ikachora 60. Wachezaji wakaona silaha zao zinachakaa mara mbili ya kawaida. Sababu? Uchakavu ulihesabiwa kwa fremu badala ya sekunde. Upanga ukipita kwenye maiti kwa nusu sekunde, huku unahesabiwa mara 15, kule mara 30. Fikiria konda anayekutoza nauli kwa kila bampu barabarani. Kaunti ikiongeza bampu, nauli inapanda na safari ni ileile. Rekebisho lilifika mwaka 2015. Kazini kwangu nina programu ya zamani ya kikundi cha akiba ninayoihamishia kwenye mfumo mpya, na kila siku nakuta dhana za namna hiyo: aliyeiandika aliamini kwamba kioo hakitabadilika kamwe, wala tarehe, wala printa. Kuhamisha programu ni kazi ya kutafuta imani za mtu aliyekutangulia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi: Valkyria Chronicles Novemba 2014, Neptunia mwanzo wa 2015, Disgaea na Danganronpa Februari 2016. Persona 4 Golden ilikuwa imekwama kwenye PS Vita tangu 2012, na Vita yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2019. Ilipofika Steam Juni 2020 ilikuwa kama kumtoa mtu kwenye nyumba inayobomolewa.

Sasa pesa. Steam haiuzi kwa shilingi ya Kenya. Tunalipa kwa dola. Gemu ya dola 20 ilikuwa zaidi ya shilingi 3,200 Januari 2024 dola ilipovuka 160. Kwa dola ya 129 ni kama 2,580. Gemu ileile, maiti zilezile. Kulipa angalau kumekuwa rahisi tangu Juni 2022, Safaricom na Visa walipoleta kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Kabla ya hapo kijana asiye na kadi ya benki alibaki kutazama tu. Kisha kuna bando, na kuna tokeni.

Kuna wanaoniambia, "Si upakue tu ya bure?" Zamani nisingekuwa na jibu. Halafu mteja mmoja, simtaji, alichukua programu ya stoo niliyomwandikia, akaipeleka kwenye maduka mengine matatu ya ndugu zake, na malipo ya pili sijayaona mpaka leo. Tangu siku hiyo nikiona kampuni kama Falcom, yenye wafanyakazi wasiofika 100, natoa zile 2,580, hata kama ni mwezi wa sufuria kavu. Lakini nasubiri punguzo, mimi si mjinga.

Kama kuna nafasi ya kuchagua, nanunua GOG badala ya Steam. Trails in the Sky ipo huko tangu siku ileile ya Julai 2014, haina kufuli, unaiweka kwenye flashi na kuisakinisha mahali pasipo na intaneti. Kwa mtu ambaye bando lake linakwisha tarehe 20, hiyo ni tofauti kubwa. Wanaotumia Linux kama mimi wana Proton ya Valve tangu Agosti 2018, na gemu hizi za zamani zinakubali bila ubishi mwingi.

Na tusisahau kwamba barabara hii ina njia mbili. Aprili 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, iliweka Aurion kwenye Steam, gemu ya mapigano na hadithi iliyokopa mengi kutoka kwa Wajapani lakini yenye wafalme na mavazi ya kwetu. Ili kuitoa kwenye konsoli wangehitaji mikataba na mitambo maalumu. Kwenye kompyuta walihitaji kompyuta. Sijasema ni gemu bora duniani. Ilipigana rafu moja na akina Falcom, hilo linanitosha.

Kwa sasa nina mradi wa usiku. Mpwa wangu yuko gredi ya tano, Kiingereza chake bado kinasuasua, na amependa sana kutazama Estelle na Joshua wakienda kumtafuta baba yao. Nimeanza kumwandikia mazungumzo kwa Kiswahili kwenye daftari, ananisomea kwa sauti huku mimi nikibonyeza. Tumefika mbali kidogo nje ya Rolent. Baba ni "baba", hapo hakuna shida. Masanduku ya hazina ndiyo yananitesa, kwa sababu XSEED waliyaandikia kila moja kichekesho chake ukilifungua mara ya pili, na kichekesho hakivuki mpaka bila viza. Pia sina neno la Bracer, yule mtu wa chama anayelinda raia, si polisi, si askari, si mgambo. Mpwa wangu anapendekeza "nyumba kumi". Mwenye neno zuri zaidi aniandikie.