Safari ya Mpwapwa, na Habari ya Sabuni Iliyonuka

Mwezi huu twataka kuwapasha habari za safari yetu ya Ugogo, nchi ya ng'ombe na mibuyu. Tuliitwa huko kwa ajili ya jambo lililoonekana dogo, yaani harufu ya sabuni. Lakini tulipofika tuliona kwamba jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwatenga watu waliozoea kukaa benchi moja kanisani.

Tuliondoka Dodoma alfajiri, tukaifuata barabara kuu ya Morogoro mpaka Mbande, kisha tukaiacha na kuingia njia ya Kongwa. Hapo Kongwa ndipo Waingereza walipoanza mwaka 1947 shamba lao kubwa la karanga, wakaleta matrekta mengi. Na mwaka 1951 shauri lile likaachwa, kwa maana mvua ilikuwa haba, na udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali. Ng'ombe wanalisha leo katika nchi ile, nao wanaonekana kupatana nayo kuliko karanga. Kutoka Kongwa njia hupita kati ya vilima mpaka Mpwapwa, mji uliokaa chini ya milima ya Kiboriani. Zamani misafara ya pwani ilipumzika hapa kwa sababu ya maji, na wamisionari wa CMS waliweka kituo chao katika miaka ya 1870. Kisha Wadachi walianzisha kituo cha mifugo mwaka 1905, na humo baadaye ng'ombe wa kienyeji walichanganywa na ng'ombe wa Bara Hindi na wa Ulaya, hata wakapatikana wale waitwao ng'ombe wa Mpwapwa. Haya twayasema ili msomaji ajue kwamba katika nchi hii shahamu si kitu cha kutafutwa kwa taabu.

Kijiji tulichoitwa ki mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini. Tulipokaribia, watoto walitupigia kelele, “Mbukwenyi!” nasi tukaitikia kama tulivyoweza. Mama Mchungaji alitupokea, akatupa maji na uji wa uwele, wala hakusema neno juu ya sabuni mpaka tulipokwisha kula. Ndipo alipoinuka, akaenda ghalani, akarudi na kipande kilichofungwa katika gazeti, akakiweka mezani mbele yetu. Hakikuhitaji maelezo. Mbwa wa mwalimu aliyelala mlangoni aliinua kichwa.

Hapa yatupasa kukiri. Mwaka uliotangulia sisi wenyewe tuliwafundisha akina mama hao kupika sabuni, ili waiuze na kununua bati za nyumba ya mwalimu, ambayo mvua huingia ndani kama kwake. Lakini sisi tulijifunza kazi hiyo pwani, kwa mafuta ya nazi, nasi tuliwaachia kipimo cha nazi pasipo kufikiri. Kumbe kila mafuta yana kipimo chake. Kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka magadi makali, yale yaitwayo kostiki dukani, gramu 180 hivi. Lakini kilo moja ya shahamu ya ng'ombe hutaka gramu 140 hivi tu. Basi sabuni yao ya kwanza ilikuwa na kostiki ya kuzidi, ikachubua mikono. Wao, kwa hekima ya kawaida ya mpishi aliyezidisha chumvi, wakapunguza kostiki nusu, ikawa gramu 90. Sasa ikapungua mno, na zaidi ya theluthi moja ya mafuta ilibaki kuwa mafuta tu, imejificha ndani ya kitu chenye sura ya sabuni.

Sabuni hiyo iliuzwa mnadani Jumamosi tatu. Juma la kwanza ilinuka nyama kidogo, watu wakavumilia. Mwezi wa pili ilitoa madoa ya rangi ya chungwa, ikaanza kunuka mafuta yaliyochacha. Mzee mmoja wa kanisa alivaa shati lililofuliwa kwayo, akasimama kusoma somo, na waliokaa mbele wakasogea nyuma. Akina mama wakanunua marashi dukani, wakayatia katika mpiko uliofuata. Ikawa kama mtu ajipakaye marashi pasipo kuoga. Wanunuzi wakaacha kuja, na fedha ya bati ikaishia katika kununua kostiki.

Ndipo lilipotokea jambo baya kuliko harufu. Mtu mmoja alisema kwamba mama fulani, mjane afugaye mbuzi wengi, alileta mafuta ya beberu akasema ni ya ng'ombe. Neno likazunguka kisimani. Mama yule hakujitetea. Alichukua kibuyu chake akaenda zake, na tangu siku ile, miezi minne, hakuonekana katika umoja wa akina mama, wala hakukaribia Meza ya Bwana.

Shtaka lenyewe halikuwa la kijinga. Harufu ya mbuzi i katika mafuta yake hasa. Mwana wa elimu Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliyetoa kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama mwaka 1823, alizitenga asidi zilizomo ndani ya mafuta, na moja aliipa jina litokanalo na neno la Kilatini la mbuzi. (Mtu huyo alizaliwa mwaka 1786, akafa mwaka 1889, labda kukaa karibu na sabuni hakudhuru maisha.) Mafuta ya beberu mzee aliyeiva hunuka beberu hata katika sabuni, na kuyasafisha mara moja hakutoshi. Kwa hiyo tulimwomba Mama Mchungaji atupeleke kwa mjane yule kabla hatujagusa chungu chochote.

Tulimkuta akipepeta uwele nje ya tembe lake. Tukamwamkia, “Shikamoo, mama,” naye akaitika akatupa vigoda. Tulipomweleza shida, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Wanangu, kibuyu ki pale ukutani. Sikukigusa tangu niliporudi nacho.” Ndani yake yalikuwamo mafuta meupe, magumu. Tuliyapasha moto kidogo katika kijiko, tukayanusa sote, na Mama Mchungaji akayanusa mara mbili. Yalikuwa mafuta ya figo za ng'ombe, safi. Yalikaa gizani ndani ya kibuyu kilichozibwa, na miezi minne haikuyaharibu sana.

Kisha tulikwenda ghalani kuyatazama mafuta ya umoja. Yalikuwa katika debe la chuma lililoshika kutu, limewekwa chini ya dirisha ambapo jua la Ugogo huingia tangu saa nne. Juu yake palikuwa na rangi ya manjano, na chini tulikuta vipande vya nyama, ngozi nyembamba za utumbo, na damu iliyoganda. Hewa, joto, mwanga na kutu, hizo nne ndizo ziharibuzo mafuta upesi, na debe lile lilizipata zote. Mbuzi hakuhusika.

Siku iliyofuata tulianza upya, na akina mama kumi na wawili walikuja na visu. Kwanza tulichagua: mafuta ya figo upande mmoja, ya utumbo upande mwingine, kwa maana haya ya pili hunuka zaidi. Tuliondoa kila kipande cha nyama na damu, tukakata vidogo vidogo, tukatia sufuriani pamoja na maji ya kiasi kile kile na chumvi konzi moja. Moto uwe wa polepole. Mafuta yakikaangwa hata kuungua, harufu ile haitoki tena. Tulipochuja kwa kitambaa tuliyaacha usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yameganda juu kama sahani, na chini yake maji ya rangi ya chai. Tulikwangua uchafu wa upande wa chini, tukachemsha tena kwa maji mapya na chumvi, na mara ya tatu tena, ambapo maji yalibaki meupe. Msichana mmoja alinusa akasema, “Hayanuki kitu.” Twakiri kwamba tulifurahi kupita kiasi cha jambo lenyewe.

Kwa kila kilo moja ya mafuta hayo tulipima kostiki gramu 133 katika maji gramu 330, tukiimimina kostiki ndani ya maji; asithubutu mtu kumwaga maji juu ya kostiki, maana huruka na kuchoma macho. Tena chombo kisiwe cha alumini, kwa kuwa kostiki hukila. Tulitia mafuta ya mchaichai kidogo. Mama mmoja alitaka karafuu, tukamjaribia katika bakuli, na sabuni ikaganda ghafula kabla haijamiminwa. Akina mama wakacheka, naye akacheka pia.

Sabuni ya zamani haikutupwa. Tuliikwangua, tukaichemsha kwa maji, tukaongeza kostiki iliyopungua, kisha tukamimina maji ya chumvi nyingi. Sabuni ikapanda juu kama maziwa yaliyokatika, na maji machafu ya kahawia yakabaki chini. Tulifanya hivyo mara mbili. Harufu ilipungua sana lakini haikwisha, kwa hiyo sabuni ile imewekwa kwa kusugua sakafu ya shule.

Jioni, mwenyekiti wa umoja alisema kwamba yeye ndiye aliyelipeleka neno la beberu kisimani. Tukafuatana naye mpaka tembe la mjane. Mwenyekiti alipiga magoti akasema alilosema, nasi tukasema letu, kwamba kosa la kwanza lilikuwa la kipimo chetu. Mjane alimwinua, lakini hakuahidi lolote. Alisema tu, “Sabuni ikauke kwanza.”

Nalo lilikuwa neno la haki, kwa maana sabuni ya namna hii hutaka majuma manne hata sita, na harufu ya kuchacha huweza kuja baada ya hapo. Sisi hatukuweza kungoja. Tulipewa vipande viwili tukarudi navyo, na kimoja ki dirishani mbele yetu tunapoandika, tumekiweka juani makusudi. Hili ni juma la kumi. Hakina doa. Juma lililopita tulipata barua ya Mama Mchungaji: vipande arobaini vimeuzwa mnadani, debe lenye kutu limefanywa la kumwagilia mchicha, na ufunguo wa ghala la mafuta unakaa kwa mjane.